Nyama Anakula, Vitamini B12 Haifiki: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Cherehani Aliyeanza Kufa Ganzi

Kuhusu kisa hiki

Mhusika tutamwita Mzee K. Umri, tarehe na mambo ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike. Dawa zake, mfuatano wa matukio na majibu ya maabara vimebaki, kwa sababu humo ndimo mlimo na funzo. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa lishe na wauguzi, lakini hata anayemuuguza mtu mwenye kisukari nyumbani anaweza kukifuata bila shida.

Usuli

Mzee K. ana miaka sitini na kitu, na maisha yake yote ameyaendesha kwa cherehani. Aligunduliwa na kisukari cha aina ya pili miaka 9 kabla hajafika kwetu, akaanzishiwa metformini, dawa ya kushusha sukari. Dozi ilianza gramu 1 kwa siku, baadaye ikapandishwa hadi gramu 2. Miaka 4 iliyopita alisumbuliwa na kiungulia, akaandikiwa omeprazoli ya wiki chache. Wiki ziliisha, omeprazoli haikuisha. Kila alipojaribu kuiacha kiungulia kilirudi kwa kishindo, kwa hiyo akawa anajinunulia mwenyewe na hakuona sababu ya kumtajia mtu. Kwake yeye ile haikuwa dawa ya ugonjwa, ilikuwa kitu cha kutuliza tumbo tu.

Havuti sigara wala hanywi pombe. Sukari anaipima nyumbani na kuandika kwenye daftari lile lile anamoandika vipimo vya wateja. Mlo wake ni wa mtu anayejijali: nyama au samaki karibu kila siku, mayai mara kadhaa kwa wiki, maziwa kila asubuhi, mboga na maharage. Hili la mlo lishikwe vizuri, maana ndilo lililowapoteza wengi njiani.

Mwanzo: damu imepungua

Alianza kwa kuchoka. Alikuwa akipanda ngazi chache anapumzika, na bintiye akasema uso umempauka. Katika kituo alichokwenda kwanza alipimwa hemoglobini ikawa 9.8, akaambiwa ana upungufu wa damu. Alipewa vidonge vya madini chuma pamoja na asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku. Mtoa huduma alimuuliza anakula nini, akaeleza kama nilivyoeleza hapo juu, na kwenye jalada yakaandikwa maneno mawili: "lishe nzuri".

Kwenye karatasi ile ile ya maabara palikuwa na namba nyingine ambayo hakuna aliyeigusa. Ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu ulisomeka 112, wakati kawaida ni kati ya 80 na 100. Chembe zake zilikuwa chache, lakini kubwa kupita kiasi. Tutairudia namba hii, kwa sababu peke yake ingetosha kugeuza matibabu siku ya kwanza. Mtu aliyeishiwa madini chuma huwa na chembe ndogo, si kubwa.

Vidonge vya chuma vilimchafua tumbo, jambo la kawaida kwa dawa hiyo. Naye akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akaongeza omeprazoli, kidonge kimoja asubuhi na kingine usiku.

Damu inapanda, miguu inashuka

Baada ya miezi 3 hemoglobini ilifika 11.9. Kila mtu alifurahi. Mgonjwa mwenyewe alisema nguvu zimerudi kidogo, akaambiwa aendelee na vidonge vile vile.

Lakini kulikuwa na malalamiko mengine ambayo yalikuwa yakitajwa kila alipokuja na kupata jibu lile lile. Nyayo zilikuwa zikimwaka moto usiku. Kisha zikaanza kufa ganzi, na ganzi ikapanda taratibu kuelekea kwenye vifundo. Jibu alilopewa: ni kisukari, miguu ya wenye kisukari huwa hivyo. Jibu hilo si la kijinga. Kisukari huharibu neva za miguu kwa watu wengi sana, na anayelitoa mara nyingi huwa sahihi. Tatizo ni kwamba likishatolewa, uchunguzi huishia hapo.

Wakati huo huo kipimo cha sukari ya miezi 3, kile kinachoangalia sukari iliyoshikamana na hemoglobini, kilipanda kutoka 7.2 hadi 7.9. Ndipo metformini ikapandishwa hadi gramu 2. Daftari lake la nyumbani lilionyesha sukari haijabadilika, ila hakuna aliyelifungua.

Kilichomleta kwetu hatimaye hakikuwa miguu, zilikuwa sindano. Alianza kuzidondosha. Alituonyesha pale pale kwenye kiti: akaomba uzi, akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akasema, "Binti yangu, hapa sijui kama nimeshika uzi au sijashika." Kwa fundi wa miaka 40 hayo si malalamiko ya kupuuza. Bintiye akaongeza kuwa usiku taa ikizimwa baba hutembea ameegemea ukuta.

Mfuko wa dawa juu ya meza

Tulimwomba amwage mezani kila kitu anachomeza, kiwe cha hospitali au cha dukani. Omeprazoli ndipo ilipojitokeza kwa mara ya kwanza. Haikuwa imeandikwa kwenye jalada lolote katika miaka yote hiyo. Jumla palikuwa na aina 5 za vidonge, na kati ya hizo aina 3 zilihusika moja kwa moja na kilichokuwa kikimsumbua.

Daktari alimpima mwili upya. Ulimi ulikuwa mwekundu na laini kama umepigwa pasi, ule ukwaruzo wa kawaida wa ulimi umetoweka, Mzee K. alikiri kuwa chai ya moto inamchoma siku hizi, ila hakudhani ulimi una uhusiano na miguu. Chuma kinachotetemeka kilipowekwa kwenye kidole gumba cha mguu hakusikia kitu, wala kwenye kifundo. Alikisikia kwenye goti. Kidole cha mguu kikisogezwa juu au chini huku amefumba macho, alikuwa akibahatisha upande. Akisimama miguu pamoja na macho wazi yuko imara. Akifumba macho anayumba hadi anashikwa.

Hapo picha ya kisukari peke yake ilianza kuchanika. Neva za kisukari kwa kawaida huanza na vidole vya miguu na kupanda polepole kwa miaka, mikono hufuata baadaye sana. Kwake mikono na miguu vilikuja karibu pamoja, tena kwa haraka, na kilichopotea zaidi kilikuwa hisia ya mtetemo na ya kujua kiungo kiko wapi. Hisia hizo mbili husafiri kwenye nyuzi za upande wa nyuma wa uti wa mgongo, na upungufu wa vitamini B12 una tabia ya kushambulia hapo hapo.

Majibu ya damu: B12 pikogramu 118 kwa mililita, wakati chini ya 200 huhesabiwa kuwa upungufu. Asidi ya methilimaloni, ambayo hurundikana B12 ikikosekana, ilikuwa juu. Akiba ya chuma ilikuwa ya kawaida, na foleti, yaani ile vitamini ambayo kwenye kidonge huitwa asidi ya foliki, ilikuwa tele, kama unavyotegemea kwa mtu anayemeza miligramu 5 kila siku.

Nyama inaingia, vitamini haiingii: vipi?

Tukianza na hesabu ya sahani, Mzee K. hana hatia. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina kiasi cha kukaribia hapo, glasi ya maziwa ina zaidi kidogo ya mikrogramu 1, yai lina karibu nusu mikrogramu. Alikuwa akila zaidi ya mahitaji yake karibu kila siku. Aliyeandika "lishe nzuri" aliandika kweli. Alichokosa ni swali la pili: kilicholiwa kimefika wapi?

B12 ina safari ndefu kuliko vitamini yoyote nyingine. Ndani ya nyama haiko huru, imefungwa kwenye protini. Asidi ya tumbo na kimeng'enya cha pepsini ndivyo vinavyoifungua. Ikishafunguliwa hudakwa na protini moja iliyotoka kwenye mate, ambayo huilinda dhidi ya asidi ile ile iliyoifungua. Wakati huo kuta za tumbo zinamwaga protini nyingine, mbebaji maalumu, lakini huyu hapokei mzigo tumboni. Wote wanashuka hadi utumbo mwembamba. Huko vimeng'enya vya kongosho vinavunja protini ya mate, B12 inaachwa huru kwa mara ya pili, na sasa ndipo mbebaji anaishika. Wanasafiri pamoja mita kadhaa hadi sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mwembamba, ambako kuna vipokezi vinavyomtambua mbebaji na kumwingiza ndani. Vipokezi hivyo havishiki bila kalisi.

Sasa tuweke dawa zake juu ya ramani hii. Omeprazoli hupunguza asidi, yaani inagusa hatua ya kwanza: B12 ya chakula inabaki imefungwa. Metformini inagusa hatua ya mwisho. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba inavuruga utendaji wa kalisi pale kwenye vipokezi. Mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea umebanwa, na katikati nyama inapita kila siku bila kosa lolote. Mwaka 2022 mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza ilitangaza kuwa kushuka kwa B12 ni athari ya kawaida ya metformini, inayoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10, na kwamba hatari huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na matumizi yanavyokuwa ya muda mrefu. Mzee K. alikuwa na vyote viwili.

Kwa nini ilichukua miaka? Wanafunzi hufundishwa kwamba vitamini zinazoyeyuka kwenye maji hazihifadhiwi mwilini. Kwa vitamini C na nyingi za kundi B hiyo ni kweli kiasi cha kutosha kufaulu mtihani. B12 inaivunja kanuni hiyo. Ini huweka akiba ya miligramu 2 au 3, na mwili hupoteza takribani sehemu 1 kati ya 1,000 ya akiba hiyo kwa siku. Kwa hiyo mtu anaweza kufunga mlango leo na asione dalili kwa miaka 3 hadi 5. Foleti akiba yake ni ya miezi tu. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayofanya watu wasiunganishe dawa iliyoanza zamani na dalili za leo.

Jambo hili la kula bila kufyonza lilithibitishwa zamani. Mwaka 1926 madaktari wa Marekani George Minot na William Murphy walionyesha kuwa wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, ambao hadi hapo ulikuwa hukumu ya kifo, walipona wakilishwa ini kwa wingi kila siku. Miaka mitatu baadaye William Castle akauliza: mbona watu wengine hawahitaji ini lote hilo? Alikula nyama yeye mwenyewe, akaiacha tumboni kama saa moja, akaitoa na kuwapa wagonjwa kupitia mrija. Damu yao ikapanda. Nyama ile ile ambayo haikupita kwenye tumbo la mtu mzima wa afya haikuwasaidia. Jaribio halipendezi kulisimulia wakati wa kula, ila sijapata kuona njia iliyo wazi zaidi ya kuonyesha kuwa chakula na tumbo ni vitu viwili tofauti. Vitamini yenyewe haikutengwa hadi 1948.

Kwa nini vidonge vya foliki viliinua damu na kuacha neva zikiungua

Hiki ndicho kiini cha kisa, na naomba kisomwe taratibu.

B12 ina kazi mbili tu zinazojulikana mwilini mwa binadamu. Ya kwanza inaifanya pamoja na foleti. Foleti huzunguka kwenye damu ikiwa imebeba kipande kidogo cha kemikali kinachoitwa methili. Ili foleti itumike kutengeneza DNA ni lazima kwanza ikabidhi kipande hicho, na anayekipokea ni kimeng'enya kinachofanya kazi kwa B12. Kipande kinaenda kwa kemikali iitwayo homosisteini, ambayo inageuka methionini, na methionini inahitajika katika mambo mengi, likiwemo kutunza mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme.

B12 ikikosekana, foleti inakwama na kipande chake mkononi. Ipo nyingi kwenye damu lakini haitumiki. Uboho wa mifupa, ambao kwa mtu mwenye afya hutoa takribani chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde, unakosa vifaa vya DNA. Chembe changa zinaendelea kukua lakini zinashindwa kugawanyika. Matokeo yake ni zile chembe chache na kubwa, ile namba 112.

Asidi ya foliki ya kidonge haijabeba methili. Inaingia kwenye mzunguko kwa njia nyingine kabisa, haipiti kwenye ule mkwamo. Ukiipa kwa dozi kubwa, uboho unapata unachohitaji, chembe zinagawanyika tena na hemoglobini inapanda. Ndivyo 9.8 ilivyofika 11.9. Hakukuwa na muujiza wala uongo wa maabara.

Lakini methionini haijaongezeka, kwa sababu hatua ya kukabidhi methili bado imekufa. Na kazi ya pili ya B12, ambayo foleti haihusiki nayo hata kidogo, bado haifanyiki: ile ya kubadili mabaki ya baadhi ya mafuta na protini ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya chembe. Mabaki hayo yasipobadilishwa hurundikana, ndiyo maana asidi ya methilimaloni ilikuwa juu. Neva ziliendelea kuharibika kwa kasi ile ile huku karatasi ya damu ikizidi kupendeza. Yaani tiba iliondoa dalili pekee iliyokuwa ikipimwa.

Maamuzi na sababu zake

Damu ya vipimo ilichukuliwa asubuhi na sindano ya kwanza ya B12 ikachomwa siku hiyo hiyo, kabla majibu hayajarudi. Sababu ni muda. Damu ikicheleweshwa wiki mbili inasubiri; neva zikicheleweshwa huenda zisirudi. B12 haina sumu inayojulikana kwa dozi hizi, kwa hiyo gharama ya kukosea ilikuwa sindano moja isiyohitajika. Daktari alichagua sindano badala ya kidonge kwa kuwa dalili za neva zilikuwa nzito: miligramu 1, siku moja anachomwa, siku moja anapumzika, hadi pale ambapo hakutaonekana tena nafuu mpya, kisha kila baada ya miezi 2.

Asidi ya foliki ya miligramu 5 ilisimamishwa, na chuma vile vile, kwa kuwa akiba yake haikupungua tangu mwanzo. Potasiamu ilipimwa katika wiki ya kwanza, kwani uboho ukiamka ghafla unaweza kuivuta kutoka kwenye damu.

Metformini haikuondolewa. Hapa palikuwa na mjadala, na bintiye aliuliza waziwazi kwa nini baba aendelee na dawa iliyomfanya hivi. Jibu la daktari lilikuwa kwamba dawa inamfaa kwa sukari, na kasoro yake sasa inazibwa na sindano isiyopita utumboni kabisa. Kuibadilisha kungeleta matatizo mapya ya kudhibiti sukari ili kutibu tatizo lililokwisha kutibiwa. Omeprazoli ndiyo iliyopunguzwa hatua kwa hatua. Kuikata kwa mara moja kungemrudishia kile kiungulia cha kishindo na angeirudia mwenyewe kimyakimya.

Upande wangu wa mlo ulikuwa na kazi ndogo kuliko familia ilivyotarajia. Bintiye alikwisha sikia kuwa ini lina B12 nyingi na alikuwa tayari kumpikia kila siku. Nilimwomba asifanye hivyo. Mfumo wa mbebaji hujaa upesi: kwa mlo mmoja hauwezi kupitisha zaidi ya mikrogramu 2 hivi, hata sahani ikiwa na 70. Kinachozidi hapo hupenya chenyewe kwa takribani asilimia 1 tu. Wagonjwa wa Minot waliponea kwenye hiyo asilimia 1, kwa kula ini gramu 120 hadi 240 kwa siku, siku zote. Isitoshe gramu 100 za ini la ng'ombe zina vitamini A inayopita kiwango cha juu cha mikrogramu 3,000 kwa siku, na vitamini A hulimbikizwa. Mlo wa Mzee K. haukuwa na kasoro ya kurekebisha, na ni vigumu kumwambia mtu hivyo anapokuja kwa mtaalamu wa lishe akitegemea orodha.

Matokeo

Chembe changa nyekundu ziliruka juu ndani ya wiki ya kwanza. Ulimi ulipona mapema, chai ya moto ikarudi mezani. Baada ya miezi 2 hemoglobini ilikuwa 13.4 na ukubwa wa chembe 90.

Neva hazikufuata ratiba hiyo. Katika wiki za mwanzo zile choma choma za miguuni zilizidi, na Mzee K. akataka kuacha sindano. "Mnanichoma mikono, miguu ndiyo inalia," alisema. Hili hutokea kwa baadhi ya wagonjwa, na lingekuwa vyema angeambiwa kabla, si baada. Alipoelezwa aliendelea. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akienda msalani usiku bila kugusa ukuta. Kufikia nusu mwaka alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, ingawa kazi za mkono zenye mishono midogo amemwachia mwanafunzi wake.

Vidole vya miguu bado vina ganzi. Huenda sehemu hiyo ni ya kisukari kweli, huenda ni neva za B12 zilizochelewa kuokolewa. Hakuna kipimo alichofanyiwa kinachoweza kuzitenganisha, na kwa matunzo ya miguu haibadilishi kitu: anaikagua kila jioni kama mtu yeyote wa kisukari mwenye ganzi.

Kipimo cha sukari ya miezi 3 kilishuka hadi 7.1, bila dawa mpya ya sukari. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120. Upungufu wa B12 unapozuia chembe mpya kutoka, zinazobaki kwenye damu kwa wastani ni kuukuu zaidi, zimekaa na sukari muda mrefu zaidi, na kipimo kinasoma juu kuliko hali halisi. Inawezekana kabisa, basi, kwamba ile 7.9 iliyopandisha metformini ilitokana na upungufu ambao metformini yenyewe ilichangia. Daktari aliishusha dozi hadi gramu 1.5.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa la mwanzo. Kutoa chuma na foliki kwa mtu aliyepauka ni desturi iliyookoa watu wengi, na pale vipimo ni haba mtu hufanya awezalo. Kosa zito lilikuwa mwezi wa tatu, hemoglobini ilipochukuliwa kuwa ushahidi kwamba sababu imepatikana. Damu iliyopanda inasema uboho umepata kitu. Haisemi kitu hicho ndicho kilichokosekana. Kama mtu anapanda damu huku ganzi inapanda miguu, mambo hayo mawili yanapaswa kuandikwa kwenye mstari mmoja wa jalada, si kurasa mbili tofauti.

Namba 112 ilikuwa imelipiwa tayari. Haikuhitaji kipimo kipya, ilihitaji jicho. Tuseme ukweli pia kwamba si kila mwenye upungufu wa B12 huwa na chembe kubwa. Akikosa na chuma kwa wakati mmoja, chembe ndogo na kubwa zinachanganyika na wastani unasoma kawaida kabisa. Kwa hiyo namba hiyo ikiwa juu inasema mengi, ikiwa ya kawaida haimtoi mtu hatiani.

Kumuuliza mtu anachokula kulifanya kazi ya kuficha badala ya kufichua. Fomu nyingi za tathmini ya lishe huishia kwenye mdomo: nini, kiasi gani, mara ngapi. Kwa B12 maswali yenye uzito yako chini ya mdomo. Je, asidi ya tumbo ipo? Aliwahi kukatwa sehemu ya tumbo au utumbo? Anatumia nini, pamoja na vile anavyojinunulia? Uliza "dawa" na Mzee K. angekutajia mbili. Ukimwambia amwage mfuko, zinatoka tano.

Kilichofanya kazi vizuri ni kuchoma sindano kabla ya majibu, na kule kumsikiliza kuhusu uzi. Pia naona uamuzi wa kubaki na metformini ulikuwa sahihi, ingawa kwa familia ulionekana kama kumtetea mkosaji. Kuhusu kingamwili dhidi ya mbebaji, yaani protini za kinga ya mwili zinazomshambulia yule mbebaji wa B12, zilipimwa na hazikuonekana. Jibu hilo lisipewe uzito kupita kiasi, kwani karibu nusu ya watu ambao kinga yao wenyewe imemshambulia mbebaji hukutwa hawana kingamwili hizo kwenye kipimo. Ndiyo maana tiba yake imepangwa kana kwamba itakuwa ya maisha, hata omeprazoli ikiisha.

Limebaki suala la njia ya kuendelea nayo. B12 ya kidonge cha mikrogramu 1,000 kila siku ingeweza kutosha sasa, kwani asilimia 1 yake ni mikrogramu 10, na B12 ya kidonge haijafungwa kwenye protini, haihitaji asidi wala mbebaji kupenya kwa kiasi hicho. Mzee K. alisikiliza hesabu yote, akatazama mfuko wake, akasema vidonge anavyo vya kutosha. Anachomwa kila miezi 2. Bintiye, ambaye naye alianzishiwa metformini mwaka jana, ameandikiwa kupimwa B12 pamoja na vipimo vyake vya kila mwaka vya sukari.